Kihisi kinapodanganya: Hatari ya kurusha ndege kwa injini ya gari

INJINI mbili za ndege ndogo aina ya Diamond DA42 zilizimika kwa wakati mmoja mnamo Machi 4, 2007, muda mfupi baada ya ndege hiyo kupaa kutoka uwanja wa Speyer, kusini magharibi mwa Ujerumani. Magurudumu ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kukunjwa. Ndege ilianguka karibu na uwanja huo, ikaharibika vibaya.

Chanzo hakikuwa pistoni iliyovunjika wala mafuta yaliyokwisha. Injini zenyewe zilikuwa nzima. Kilichokosekana, tena kwa kipindi kifupi mno, ni umeme wa kutosha kuendesha kompyuta zilizokuwa zikizisimamia.

Injini hizo zilikuwa na historia yake. Asili yake ilikuwa injini ya dizeli ya gari dogo la Mercedes-Benz A-Class, ambayo kampuni ya Thielert ya Ujerumani ilikuwa imeigeuza ili iendeshe ndege. Hazikuwa kazi ya mtu aliyejifungia gerejini na kubahatisha. Zilikuwa zimepimwa na kuidhinishwa na mamlaka za usafiri wa ndege barani Ulaya.

Kisa cha Speyer hakikutokana na kihisi kilichoharibika, lakini kilifichua swali ambalo kila mtu anayefikiria kurusha ndege kwa injini ya gari hana budi kulijibu. Injini ya kisasa haiwezi kufanya kazi bila vihisi, nyaya, kompyuta na betri. Je, itakuwaje kimoja kati ya hivyo kikinyamaza, au kikisema uongo, ndege ikiwa hewani?

Safari kutoka barabarani hadi angani

Wazo la kutumia injini ya gari kurushia ndege si geni. Wilbur na Orville Wright walipokuwa wakijiandaa kwa safari yao ya kihistoria ya 1903, kwanza waliwaandikia watengenezaji wa magari wakitafuta injini nyepesi yenye nguvu za kutosha. Walipoikosa, fundi wao Charles Taylor aliwaundia injini ya silinda nne iliyokuwa na takriban nguvu za farasi 12.

Mnamo 1929, Bernard Pietenpol wa jimbo la Minnesota, Marekani, alirusha ndege aliyoiunda mwenyewe, ikivutwa na injini ya gari la Ford Model A. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, injini ya Volkswagen inayopozwa kwa hewa ikawa kipenzi cha waundaji wa ndege ndogo barani Ulaya. Miaka iliyofuata zikaingia injini za Subaru, Mazda, Honda na Suzuki.

Sababu kuu ni fedha. Injini mpya ya ndege kutoka kwa kampuni kama Lycoming au Continental hugharimu makumi ya maelfu ya dola za Marekani, ilhali injini ya gari iliyotumika hupatikana kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Isitoshe, injini ya gari hutengenezwa kwa mamilioni, hunywa mafuta kidogo na vipuri vyake havina adimu.

Hata hivyo, kuna tofauti kubwa baina ya injini aliyoitumia Pietenpol na zile zinazotolewa kwenye magari ya leo. Ile ya Ford ya 1929 haikuwa na kompyuta. Mafuta yaliingia kupitia kabureta, na cheche za kuyawasha zilitokana na mitambo ambayo fundi aliweza kuiona na kuigusa. Tangu miaka ya themanini, kazi hizo zimekabidhiwa kompyuta, nayo hutegemea taarifa kutoka kwa vihisi, au sensa kama mafundi wengi wanavyoviita.

Cheche zisizotegemea betri

Ili kuelewa uzito wa mabadiliko hayo, ni muhimu kufahamu jinsi injini ya kawaida ya ndege ndogo inavyofanya kazi. Kila silinda ina plagi mbili badala ya moja. Plagi hizo hupata umeme kutoka kwa vifaa viwili vinavyoitwa magneto, kila kimoja kikiwa na plagi zake.

Magneto huzungushwa na injini yenyewe na kujizalishia umeme wake kwa kutumia sumaku. Maadamu injini inazunguka, cheche zitapatikana. Betri ikifa, alteneta ikikatika, au hata rubani akizima umeme wote wa ndege, injini itaendelea kunguruma.

Kabla ya kupaa, rubani hujaribu magneto moja baada ya nyingine ili ahakikishe kwamba kila moja inaweza kuibeba injini peke yake. Hii haina maana kwamba magneto haziharibiki. Huchakaa, na watengenezaji hupendekeza zifunguliwe na kukaguliwa kila baada ya takriban saa 500 za kuruka. Lakini ni nadra sana zote mbili kufa katika dakika moja, kwa sababu hazishirikiani chochote.

Injini ya gari haikuundwa kwa fikra hiyo. Ina kompyuta moja, betri moja na, kwa vipimo vingi, kihisi kimoja. Gari likizimika kwenye barabara ya Thika, dereva atalisukuma kando na kumpigia fundi simu. Angani hakuna kando ya barabara.

Macho na masikio ya injini

Si vihisi vyote vyenye uzito sawa. Kilicho muhimu kuliko vyote ni kile kinachotazama krankishafti, yaani mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni. Hukaa karibu na gurudumu la chuma lenye meno na kuyahesabu yanapopita.

Katika injini nyingi gurudumu hilo lina nafasi za meno 60, lakini mawili yameachwa makusudi. Pengo hilo ndilo linaloieleza kompyuta mzunguko umeanzia wapi. Injini inapozunguka mara 5,000 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua milisekunde 12 tu, na katika muda huo kompyuta yapasa kujua ni silinda gani ipewe mafuta na ni ipi ipewe cheche.

Kihisi hiki kikinyamaza, katika injini nyingi kompyuta haina njia ya kukisia, na injini huzimika. Madereva wengi wameyaona haya bila kujua chanzo: gari linalozimika ghafla likishapata moto, kisha linawaka bila matatizo baada ya kupoa. Aghalabu kasoro huwa ni kihisi cha krankishafti ambacho waya wake mwembamba wa ndani hukatika joto linapopanda na kuungana tena linaposhuka.

Kihisi cha pili kwa umuhimu hupima shinikizo la hewa inayoingia kwenye injini. Kipimo hicho, pamoja na joto la hewa na kasi ya injini, huiwezesha kompyuta kukadiria kiasi cha hewa kilichomo kwenye silinda na mafuta yanayohitajika. Gari linaweza kuishi maisha yake yote Mombasa, mahali ambapo shinikizo la hewa halibadiliki sana. Ndege hupanda na kushuka maelfu ya futi katika safari moja. Uwanja wa Wilson, Nairobi, pekee uko kwenye mwinuko wa futi zipatazo 5,500, na hewa yake tayari ni nyepesi kuliko ya pwani.

Kihisi cha shinikizo kikikatika, kompyuta nyingi za magari hukadiria hewa kwa kutazama mguu wa dereva umekanyaga mafuta kiasi gani. Makadirio hayo huweza kutosha barabarani. Ndege iliyo futi 10,000 juu, ambako shinikizo la hewa ni takriban asilimia 70 ya lile la ufuoni, itamwagiwa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, na injini huenda ikapoteza nguvu au kuzimika kabisa.

Vihisi vya joto navyo vina hila zake. Kile kinachopima joto la maji ya kupooza injini ni kipande kidogo ambacho ukinzani wake dhidi ya umeme hupungua kadiri joto linavyoongezeka. Waya wake ukikatika, ukinzani huwa mkubwa kupita kiasi, na kompyuta huusoma kana kwamba injini imeganda kwa baridi kali. Kompyuta isiyotilia shaka habari hiyo itaongeza mafuta kwa injini iliyo moto, jinsi inavyofanya gari linapowashwa alfajiri.

Kisha kuna kihisi cha oksijeni, kinachokaa kwenye ekzosi na kueleza iwapo mafuta yalichomeka sawasawa. Adui wake mkuu ni madini ya risasi. Kenya na mataifa mengine ya Afrika, kusini mwa Sahara, yaliacha kutumia petroli yenye risasi kwenye magari kufikia 2006. Mnamo Agosti 2021, Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, lilitangaza kwamba matumizi hayo yalikuwa yamekoma ulimwenguni kote.

Tangazo hilo lilihusu magari, si ndege. Petroli inayotumiwa na ndege nyingi za pistoni, ijulikanayo kama 100LL, ingali na risasi ya hadi gramu 0.56 katika kila lita. Kihisi cha oksijeni kinachotumia mafuta hayo hufunikwa na risasi kidogo kidogo hadi kikapotea njia. Ndiyo maana waundaji makini huipanga kompyuta yao isikitegemee kihisi hicho katika maamuzi makubwa, ama hutumia petroli ya magari pekee.

Kazi ngumu, mahali pagumu

Wanaotetea injini za magari husema, na ni kweli, kwamba magari mengi hutembea mamia ya maelfu ya kilomita bila kihisi kubadilishwa. Wanachosahau ni kwamba kazi si ile ile.

Gari linapokwenda kwa mwendo wa kawaida kwenye barabara tambarare, hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu za injini yake. Dereva hukanyaga mafuta kwa nguvu anapopita lori, kisha huachilia. Ndege hupaa kwa nguvu zote na baadaye huruka kwa saa nzima, au hata mbili na tatu, ikitumia takriban asilimia 75 ya nguvu hizo. Joto linalotoka ni jingi zaidi, nalo halipumziki.

Aidha, injini ya gari hupata nguvu zake nyingi inapozunguka kwa kasi inayozidi mara 5,000 kwa dakika, ilhali propela hufanya kazi vyema kwa takriban nusu ya kasi hiyo. Kwa hivyo huwekwa giaboksi ya kupunguza mwendo. Giaboksi hiyo pamoja na propela huleta mitetemo ambayo mhandisi aliyekiunda kihisi hakuifikiria. Hata kihisi kinachosikiliza mlio wa injini kugonga chaweza kuudhani mlio wa gia kuwa ugonjwa wa injini.

Hatari nyingine huja wakati ambapo wengi hudhani imekwisha. Ndege ikitua na kuzimwa, upepo uliokuwa ukipita juu ya injini hukoma, na joto lililobaki ndani ya chuma hupanda na kujikusanya chini ya kifuniko. Vihisi na plastiki za soketi zake hupikwa taratibu kila baada ya safari. Zikishapikwa mara nyingi, plastiki huvunjika na waya hulegea.

Ndiyo sababu mafundi wenye tajriba hawaanzi kwa kukilaumu kihisi chenyewe. Huanza na soketi, waya na mahali nyaya za ethi zilipofungwa. Waya uliobanwa vibaya hupitisha umeme vizuri uwanjani, kisha hukatika na kuungana mara nyingi kwa sekunde injini inapotetemeka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika ndege, ufa wenyewe huwa mdogo kuliko unywele.

Kunyamaza na kudanganya

Kihisi huharibika kwa njia mbili. Kwanza, hunyamaza. Waya hukatika, kipimo hutoweka, na kompyuta hutambua mara moja kwamba kuna kasoro. Vihisi vingi hupangiwa kutoa umeme wa kati ya nusu volti na volti nne na nusu, kwa makusudi kwamba sufuri na volti tano ziwe dalili za waya uliokatika au uliogusana na mwingine.

Pili, hudanganya. Hutoa kipimo kinachoonekana cha kawaida lakini si cha kweli. Hii ndiyo hatari zaidi kwa sababu kompyuta haina sababu ya kushuku. Huendelea kutii, na kadiri inavyotii ndivyo inavyokosea.

Wakenya wanakumbuka kwa uchungu madhara ya mfumo unaoamini shahidi mmoja. Mnamo Machi 10, 2019, ndege ya Ethiopian Airlines aina ya Boeing 737 MAX iliyokuwa ikielekea Nairobi ilianguka karibu na Bishoftu na kuua watu wote 157 waliokuwemo, wakiwemo Wakenya 32. Awali, Oktoba 29, 2018, ndege ya Lion Air ya aina iyo hiyo ilikuwa imeanguka nchini Indonesia na kuua watu 189.

Kifaa kilichohusika hakikuwa cha injini, bali kihisi kinachopima pembe ya pua ya ndege dhidi ya upepo. Ndege ilikuwa na vihisi viwili vya aina hiyo, lakini programu iliyokuwa ikiisukuma pua chini ilisikiliza kimoja tu kwa wakati. Kilipotoa kipimo cha uongo, programu ilikiamini. Ndege hizo ziliporuhusiwa kuruka tena nchini Marekani mnamo Novemba 2020, programu ilikuwa imebadilishwa ili ilinganishe vihisi vyote viwili na ijiondoe vinapotofautiana.

Kanuni hiyo ni ile ile kwa injini ndogo ya Subaru na kwa ndege kubwa ya abiria. Vihisi viwili humwezesha msikilizaji kujua kwamba mmoja anadanganya, ila si lazima ajue ni yupi. Ndipo huhitajika cha tatu cha kuamua, au hesabu inayotumia vipimo vingine kupima ukweli. Mathalani, shinikizo la hewa linalodaiwa kuwa la chini mno ilhali rubani amefungua mafuta yote halisadikiki.

Jambo jingine ni uamuzi unaofuata baada ya uongo kugunduliwa. Kompyuta ya gari hulenga kuilinda injini na kupunguza moshi mchafu. Ikishuku hatari, hupunguza nguvu na kulifanya gari lichechemee hadi gerejini. Uamuzi huo ni wa busara barabarani. Kwa rubani aliye futi 300 juu ya miti, kunyang'anywa nusu ya nguvu kwaweza kuwa kifo. Yeye angependelea injini iendelee kusukuma kwa dakika tano zaidi hata kama itaungua, almuradi atue salama.

Kwa hivyo anayehamisha injini ya gari pamoja na kompyuta yake bila kubadilisha chochote huhamisha pia maamuzi yaliyofanywa na mhandisi ambaye hakuwahi kuifikiria ndege.

Funzo la Speyer

Katika injini za ile DA42, wahandisi walikuwa wamezingatia mengi kati ya hayo. Kila injini ilikuwa na kompyuta mbili, moja ikiwa tayari kushika usukani nyingine ikishindwa. Kwa jumla, ndege ilikuwa na kompyuta nne. Mtu angeweza kuapa kwamba haziwezi kukoma zote kwa pamoja.

Zilikoma. Betri ya ndege ilikuwa imeisha umeme, na injini zote mbili ziliwashwa kwa msaada wa umeme wa nje. Mwongozo ulitaka injini ya pili iwashwe kwa umeme wa ndege yenyewe, hatua ambayo ingedhihirisha kwamba betri haikuwa na uwezo. Ndege ilipaa ikiwa na betri isiyoweza kusaidia lolote.

Magurudumu yalipoanza kukunjwa, mtambo wake wa umeme ulivuta mkondo mkubwa kwa ghafla. Betri yenye afya ingeufidia mvuto huo. Betri iliyokufa haikuweza, na alteneta pekee hazikuhimili. Nguvu ya umeme ilishuka kwa kitambo kidogo tu, lakini kilitosha kuzifanya kompyuta zote zijizime na kujiwasha upya. Propela, ambazo pia zilitawaliwa na kompyuta hizo, ziligeuza makali yake kuelekea upepo na kuacha kuvuta.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Vifaa viwili si kinga ikiwa vyote vinakula kwenye sahani moja. Wahandisi walikuwa wameongeza kompyuta, lakini zote zilitegemea umeme ule ule. Baada ya ajali, kompyuta za injini katika ndege hizo ziliongezewa betri za akiba zilizo mbali na mfumo wa kawaida wa umeme.

Teknolojia yenyewe haikuachwa. Kampuni ya Thielert ilifilisika mnamo 2008, lakini injini zake ziliendelea kutengenezwa na baadaye, mnamo 2013, zikachukuliwa na Continental. Watengenezaji wa DA42 nao walianzisha kampuni ya Austro Engine, ambayo injini yake ya AE300, yenye asili ya Mercedes-Benz vilevile, iliidhinishwa barani Ulaya mnamo 2009. Rotax ya Austria ilipotoa injini yake ya 912 iS mnamo 2012, ambayo haitokani na gari, iliipa njia mbili za kompyuta na jenereta mbili ndani ya injini, moja ikihudumia injini na nyingine vifaa vya ndege.

Anachopaswa kufanya anayejiundia

Kampuni kubwa zina maabara na fedha za kujaribu mambo haya. Mtu binafsi hana. Uchunguzi wa Bodi ya Usalama wa Uchukuzi ya Marekani, NTSB, uliochapishwa mnamo 2012 kuhusu ndege zinazoundwa na watu binafsi, ulibainisha kwamba hitilafu za injini na mifumo yake, pamoja na rubani kushindwa kuidhibiti ndege hewani, ndiyo matukio yaliyoongoza katika ajali za ndege hizo. Ulionyesha pia kwamba hatari ni kubwa katika safari za mwanzo.

Hatua ya kwanza, basi, ni kuchora kwenye karatasi njia nzima ya umeme kutoka betri hadi plagi, kisha kuuliza katika kila kituo: kipande hiki kikifa, injini itaendelea? Fyuzi moja, rilei moja au swichi moja inayobeba kila kitu ndiyo inayostahili kushughulikiwa kwanza, hata kabla ya vihisi.

Pili, umeme wa injini utengwe na umeme wa taa, redio na vinginevyo, nayo betri ya akiba iwe na njia yake yenyewe na ipimwe kabla ya kila safari. Tatu, kihisi cha krankishafti kiwe na mwenzake, kila kimoja kikiwa na waya na soketi yake. Nyaya mbili zilizofungwa pamoja na kupita karibu na ekzosi zitaungua pamoja.

Nne, kila kihisi king'olewe soketi yake kwa makusudi, ndege ikiwa chini na imefungwa barabara, ili ionekane injini itafanya nini. Tano, vihisi vibadilishwe kwa ratiba ya saa, pasipo kungoja viharibike, na vinunuliwe vipya. Kihisi kilichotolewa kwenye gari lililogongwa kinaweza kuwa kizima, lakini hakuna ajuaye kimepikwa mara ngapi.

Mwisho, ndege ijaribiwe kwa saa nyingi uwanjani kabla ya kupaa, na safari za mwanzo zifanywe juu ya maeneo yasiyo na watu, bila abiria. Nchini Kenya, ambako vijana kadhaa wamewahi kugonga vichwa vya habari kwa kuunda ndege nyumbani kwa injini za magari au pikipiki, hakuna ndege inayopaswa kuruka bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Ndege. Wengi huuona utaratibu huo kama kikwazo kwa vipaji. Maswali ambayo mkaguzi huuliza, hata hivyo, ndiyo yale yale ambayo mvutano wa dunia utayauliza bila huruma.

Lingekuwa kosa kuhitimisha kwamba elektroniki ni adui. Kompyuta humwondolea rubani kazi ya kurekebisha mafuta kwa mkono kila anapopanda au kushuka. Mfumo wa kunyunyizia mafuta huondoa hatari ya barafu kuziba kabureta, jambo ambalo limewaangusha marubani wengi wa zamani. Kompyuta pia huweka kumbukumbu ya kila kipimo, hivi kwamba fundi aweza kuiona kasoro ikijongea kabla haijaleta maafa.

Tatizo si kihisi kuwa kidogo wala kuwa cha bei nafuu. Kifaa cha shilingi elfu chache kinaweza kufanya kazi kwa miaka mingi bila kukosea. Tatizo ni kujenga ndege inayomhitaji shahidi mmoja aseme kweli siku zote. Huko Speyer palikuwa na injini mbili na kompyuta nne, na zote zilishindwa kwa sababu ya betri moja ambayo ingepimwa kwa dakika chache kabla ya safari.